Dirisha la jana lisifunguke bila hodi

Ada ya Waswahili haimruhusu mtu kuingia nyumbani mwa mwenziwe kimyakimya. Sharti apige hodi, na sharti asubiri aambiwe karibu. Akipiga hodi mara tatu asijibiwe, mwenye adabu hugeuza njia akaenda zake. Katika nyumba za mawe za Lamu, adabu hiyo ilijengwa ukutani: mgeni alipokewa katika daka, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni wenye mabaraza, na wengi walimaliza haja zao papo hapo wakaondoka. Aliyefika ndani ni yule aliyekaribishwa ndani.

Leo ninakusudia kumzungumzia kiumbe asiyeijua hodi. Huyu ni tarakilishi, au kompyuta kama wengi tunavyoiita, ambayo ikiwashwa asubuhi hufungua, bila ya kuulizwa, kurasa zote alizokuwa akizisoma mtu wa jana. Huenda msomaji akaliona jambo hili kuwa dogo, la kuachiwa mafundi na vijana. La hasha. Katika nchi ambamo tarakilishi moja hutumiwa na watu ishirini kwa siku, hili ni suala la haki, na wanaoumia kwalo ni wale wasio na tarakilishi yao wenyewe.

Yafaa kwanza tuelewane kuhusu kinachotendeka. Programu tunayoitumia kuzisoma kurasa za intaneti inaitwa kivinjari. Jina hilo limetokana na kitenzi vinjari, yaani kwenda huku na huko ukitazama, kama chombo kinachozunguka baharini kikilinda bandari. Chrome, Firefox, Edge na Safari ni vivinjari. Kila ukurasa unaoufungua huwekwa katika dirisha lake, au katika kichupo ndani ya dirisha hilo. Hapo awali, kwa watumiaji wengi, kukifunga kivinjari kulikuwa ni kuyamaliza mambo. Ukikifungua tena, ulianza upya kama mtu aliyeamka asubuhi.

Mambo yakabadilika hatua kwa hatua. Firefox toleo la 2, lililotolewa mwezi wa Oktoba 2006, lilikuja na uwezo wa kuyarudisha madirisha yaliyokuwa wazi kabla ya programu kufungwa au kuzimika ghafla. Chrome, iliyotokea mwaka wa 2008, nayo ina chaguo la kuendelea pale ulipoachia. Mwaka wa 2011 kampuni ya Apple iliieneza tabia hiyo katika mfumo mzima wa tarakilishi zake, hata zikawa zikiwashwa huyarejesha madirisha ya programu zote zilizokuwa zikitumika. Windows pia ina kitufe cha namna hiyo katika mipangilio ya akaunti. Na simu zetu za mkononi ndizo kabisa: kivinjari cha simu kwa kawaida huendelea pale kilipoachwa, hata kama ni wiki nzima imepita.

Sitaki kuwaonea waliobuni jambo hili. Nia yao ilikuwa njema, na faida yake naiona. Mtafiti aliyefungua makala thelathini hataki kuyatafuta upya moja moja. Isitoshe, sisi wa Kenya tunaujua umeme wetu. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya nchi iliingia gizani, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta nao ukakosa mwanga kwa muda. Aliyekuwa katikati ya kujaza fomu ndefu siku hiyo, mashine yake iliporudi na ukurasa ule ule, bila shaka alimshukuru aliyeubuni uwezo huo. Kwa hiyo sisemi kwamba uwezo huu ufutwe. Ninasema kwamba ulibuniwa kwa ajili ya mtu mmoja na mashine yake mwenyewe, na kwamba hapa kwetu tumeupokea bila ya kuuliza iwapo hivyo ndivyo tunavyoishi.

Hebu tuutazame mtaa wetu huu wa Lavington. Ni mtaa wa kuta ndefu, nyaya za umeme juu ya kuta, mbwa wakali na mabawabu wawili wawili langoni. Mgeni huandikwa katika daftari: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya gari, anamwendea nani, saa ngapi. Tunalipa fedha nyingi ili jirani asituchungulie. Lakini uifuate Gitanga Road kuelekea magharibi na dakika chache tu baadaye umeingia Kawangware, ambako wanakaa wengi wa wale wanaotufulia, wanaotupikia, wanaotulindia malango na kututunzia watoto. Huko, na pia kwenye maduka madogo yaliyo mpakani, ndiko kuliko saiba: chumba chenye mashine nne au tano, mashine ya kuchapishia, na kijana mmoja anayewasaidia wateja. Mteja mmoja akiinuka, mwingine hukalia kiti kingali na joto.

Wala watu hawaendi huko kwa anasa. Mwezi wa Juni 2023 Serikali ilitangaza kwamba huduma zake zaidi ya 5,000 zilikuwa zimehamishiwa katika mtandao wa eCitizen. Kila mwaka, kabla ya tarehe 30 Juni, mwenye nambari ya ushuru hutakiwa awasilishe taarifa ya mapato yake kupitia iTax, na akichelewa hutozwa faini isiyopungua shilingi 2,000. Mwanafunzi anayetaka nafasi ya chuo kikuu, anayetaka mkopo wa HELB, anayetaka cheti cha nidhamu kutoka polisi, anayetaka pasipoti, wote huelekezwa katika intaneti. Serikali imeihamisha ofisi ikaiingiza katika dirisha la kivinjari. Basi ni wajibu wetu kuuliza dirisha hilo hufungwa na nani, na hufungwaje.

Siku moja mwaka jana niliingia katika saiba moja ya upande huo ili nichapishe karatasi chache za mtihani wa majaribio. Nilipokiamsha kivinjari, kilinifungulia kurasa sita ambazo sikuziomba. Moja ilikuwa sanduku la barua pepe la mtu, barua zote zikiwa wazi. Nyingine ilikuwa hati ya mshahara. Ya tatu ilikuwa majibu ya vipimo vya maabara, jina la mgonjwa likiwa juu kwa herufi kubwa. Nilimwita kijana mwenye zamu. Akanijibu kwa upole, "Mwalimu, hiyo ni kawaida. Tuliiweka hivyo ili tusiwe tukiandika upya anwani za iTax na eCitizen kila mteja anapokuja." Hakuwa mtu mwovu. Alikuwa ametafuta njia ya mkato ya kuzipata kurasa mbili, akabeba pamoja nazo siri za wateja wake wote.

Jambo ambalo huenda hakulijua, na ambalo wengi hatulijui, ni kwamba dirisha likirudi halirudi tupu. Unapojitambulisha kwa tovuti kwa jina na neno la siri, tovuti hiyo huweka katika kivinjari chako alama ndogo ya kukukumbuka. Kwa Kiswahili alama hizo zinaitwa vidakuzi. Kama mwanaisimu ninalipenda jina hilo, maana mdakuzi ni yule mtu anayechunguza mambo ya wenzake ayatangaze, na magazeti ya udaku sote tunayajua. Baadhi ya vidakuzi vimekusudiwa kufa pale kivinjari kinapofungwa. Lakini kivinjari kikiwa kimeamriwa kuendelea pale kilipoachia, huvifufua hata hivyo vya kufa. Matokeo yake ni kwamba mtu wa jana aliyekifunga kivinjari, akajua moyoni kwamba amemaliza, anaweza kuwa bado yumo. Tovuti nyingi za benki hukata kipindi zenyewe baada ya dakika chache za kimya. Sanduku la barua pepe, kwa kawaida, halifanyi hivyo. Na barua pepe ndiyo funguo za funguo zote, kwa kuwa anayesahau neno la siri la mahali pengine hutumiwa jipya kupitia hapo hapo.

Tusidhani tena kwamba hatari hii iko saiba peke yake. Iko ndani ya kuta zetu. Ninamfahamu mama mmoja aliyekuwa msaidizi wa nyumbani katika mojawapo ya nyumba za mtaa huu kwa zaidi ya miaka minne. Jumapili moja aliomba ruhusa aitumie tarakilishi ya sebuleni, akaruhusiwa. Alitafuta kazi nyingine yenye mshahara bora, akaandika ombi, akalituma, akakifunga kivinjari kama alivyofundishwa na binti yake. Jumatatu jioni watoto wa nyumba waliiwasha mashine ili wafanye kazi yao ya shule. Ombi la yaya likafunguka mbele yao na mbele ya mama yao: mshahara anaolipwa, saa anazofanya kazi, na sababu za kutaka kuondoka. Mwezi haukuisha kabla ya yeye kuondolewa, na ile kazi aliyoiomba hakuipata. Hapakuwa na mwizi wala mdukuzi katika kisa hiki. Kulikuwa na kitufe kimoja tu kilichobonyezwa zamani na mtu asiyemkumbuka mtu mwingine.

Kuna watakaoniambia kwamba asiye na la kuficha hana la kuogopa. Hoja hii huniudhi, kwa sababu huchanganya faragha na aibu. Sisi sote huvuta pazia tunapovaa nguo, wala si kwamba kuvaa nguo ni dhambi. Yule mama hakuwa akitenda ovu lolote kwa kutafuta riziki iliyo bora. Mgonjwa si mhalifu kwa kuwa na majibu ya maabara. Wahenga walisema siri ya mtungi iulize kata. Kata ikianza kuupasha mtaa mzima yaliyomo mtungini, nani tena atakayeteka maji kwa amani?

Hapa naomba nigeukie lugha, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Katika mipangilio ya programu hizi kuna istilahi inayotumiwa sana: chaguo-msingi. Maana yake ni hali ambayo programu hushika iwapo mtumiaji hajaamua vingine. Ukilitafakari neno hilo utaona kitendawili ndani yake. Kuchagua ni tendo linalohitaji mtu wa kuchagua. Chaguo-msingi limechaguliwa, ndiyo, lakini si na wewe unayelitumia. Haki iniruhusu niseme kwamba Chrome, Edge na Firefox za tarakilishi, zinapotoka kwa watengenezaji, kwa kawaida hufungua ukurasa mpya, si kurasa za jana. Tatizo letu huanza pale mtu mmoja anapoibadilisha hali hiyo kwa manufaa yake, na mashine ikabaki hivyo kwa kila anayekuja baada yake. Katika mashine ya watu wengi, hiari ya mmoja huwa sheria ya wote, na sheria yenyewe haikutangazwa popote.

Ni lugha hiyo hiyo inayowafungia wengi mlango wa kujitetea. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha rasmi mbili. Wala si kweli kwamba Kiswahili hakiwezi mambo ya tarakilishi. Mwaka wa 2004, chini ya mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, seti ya programu za ofisi kwa Kiswahili. Baadaye Microsoft nayo ikatoa Windows ya Kiswahili. Leo hii Chrome inaweza kuzungumza Kiswahili kuanzia menyu ya kwanza hadi ya mwisho. Hata hivyo, keti mbele ya mashine yoyote ya umma jijini Nairobi na, kama si bahati kubwa, utakuta imesema nawe kwa Kiingereza. Mtu aliyesomea darasa la saba hukutana na maneno asiyoyaelewa, huogopa kugusa, akauacha mlango wazi kwa kuwa kufuli limeandikwa kwa lugha ya wengine.

Sheria, kwa upande wake, haiko kimya. Kifungu cha 31 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo haki ya kutofichuliwa bila sababu habari za jamaa yake au za mambo yake binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imekwenda mbali zaidi. Sehemu yake ya 41 inawataka wanaoshughulikia data za watu wailinde faragha tangu katika usanifu wa mifumo yao na katika hali yake ya msingi, wasingoje mpaka madhara yatokee. Tuna ofisi ya Kamishna wa Data, ambayo kamishna wake wa kwanza, Bi Immaculate Kassait, aliapishwa mwezi wa Novemba 2020. Ofisi hiyo imeshughulika na kampuni kubwa za mikopo na shule zinazochapisha picha za watoto, na hilo ni jema. Naamini kwamba tarakilishi ya saiba, ya mapokezi ya hospitali, ya maktaba na ya kituo cha huduma nayo yastahili kuangaliwa, kwani ndiko mwananchi wa kawaida anakoiacha nakala ya maisha yake.

Dawa yenyewe ni rahisi hata inatia uchungu. Katika Chrome, bonyeza vitone vitatu vilivyo juu upande wa kulia, ingia katika mipangilio, tafuta sehemu inayohusu kuanzishwa kwa programu, kisha uchague kufungua ukurasa mpya badala ya kuendelea ulipoachia. Katika Edge njia ni hiyo hiyo kwa vitone vitatu, na sehemu unayoitafuta ni ile ya kuanza, ukurasa wa nyumbani na vichupo vipya. Katika Firefox, bonyeza mistari mitatu, ingia katika mipangilio ya jumla, na uiondoe alama katika kisanduku cha kufungua madirisha na vichupo vya awali. Kazi hii haimalizi hata dakika mbili.

Lakini mtu asijidanganye kwamba hapo amekwisha kuwa salama. Hata mpangilio huo ukiwa umezimwa, kivinjari huhifadhi historia. Anayekuja baada yako anaweza kubonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na T kwa pamoja, na dirisha ulilolifunga likarudi. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kutoka katika akaunti yako kabla ya kufunga lolote, kama vile mtu anavyoaga kabla ya kuondoka. Kanuni ya pili ni kutumia dirisha fiche unapokuwa kwenye mashine isiyo yako, au lile dirisha ambalo Chrome huliita la mgeni. Madirisha ya aina hizo yakifungwa yote, kumbukumbu za kurasa na vidakuzi vyake hufutika katika mashine ile. Nimefurahi kuona kwamba watengenezaji nao walilifikia neno mgeni. Mgeni huja, hukirimiwa, kisha huondoka na vitu vyake.

Nina mapendekezo matatu. Kwanza, wenye saiba waiweke kila mashine katika hali ya mgeni, na zile anwani za iTax na eCitizen waziweke kama ukurasa wa kuanzia. Chaguo hilo lipo katika mipangilio ile ile, nalo lingempa yule kijana urahisi aliokuwa akiutafuta bila ya kumvua mteja nguo. Pili, Kamishna wa Data ashirikiane na serikali za kaunti, ambazo ndizo hutoa leseni za biashara, ili kila mahali penye tarakilishi za umma pabandikwe maagizo mafupi ukutani, kwa Kiswahili kinachosomeka: toka kwenye akaunti, funga dirisha, hakikisha. Tatu, sisi walimu wa vyuo na wa shule tuache kufundisha istilahi za tarakilishi kama orodha ya kukaririwa kwa ajili ya mtihani. Mwanafunzi akijua kwamba kivinjari ni browser kwa Kiingereza, amejua tafsiri tu. Akijua kinachobaki ndani ya kivinjari baada ya yeye kuinuka kitini, hapo amejifunza.

Na kwa majirani zangu wa Lavington nina neno moja la ziada. Tumeajiri mabawabu wa kutulinda dhidi ya watu wa nje, lakini wale walio dhaifu zaidi ndani ya nyumba zetu hawana bawabu. Ukimruhusu mtu aitumie mashine yako, mfungulie akaunti yake au dirisha la mgeni, umwachie mambo yake yawe yake. Ukikuta dirisha lake limefunguka mbele yako, ulifunge bila ya kulisoma. Hodi haikupigwa, lakini aliyeingia bila hodi ni wewe, si yeye.